Kura ya waongozaji wa Ulaya: hesabu yenu itamponza Bergman

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa filamu umetangaza kura ya kumpata mwongozaji bora wa Ulaya. Msomaji anataja filamu moja tu. Filamu nne zenye kura nyingi zinapita, kisha waongozaji wake wanatoana wawili wawili mpaka abaki mmoja. Kwa sisi wachache tunaozifuatilia filamu hizi hapa Tanga, ambako ubishi wa Bergman na Tarkovsky una joto lile lile la Coastal Union na African Sports, hiyo ni habari njema. Tatizo ni hesabu. Mmeuliza swali moja, lakini hesabu mliyoichagua inajibu jingine.

Tuanze na hiyo filamu moja kwa msomaji mmoja. Ingmar Bergman wa Sweden aliongoza filamu zaidi ya 40. Andrei Tarkovsky wa Urusi alikamilisha filamu ndefu saba tu kabla ya kufariki Desemba 1986. Sasa chukua wapiga kura 20. Kumi na wawili ni watu wa Bergman, ila watano wanataja Persona, wanne wanataja Fanny na Alexander, na watatu wanataja ile ya mwaka 1957 ya profesa mzee anayesafiri kwenda kupokea heshima ya chuo kikuu. Wanane waliobaki ni watu wa Tarkovsky: sita Stalker, wawili Kioo. Stalker inaongoza kwa kura sita, ilhali watu 12 kati ya 20 walikuwa upande wa pili. Bergman kapunjwa na wingi wa kazi zake mwenyewe.

Wakubwa nao hawajasalimika. Jarida la Sight and Sound la Uingereza limekuwa likiwauliza wahakiki kila baada ya miaka 10 tangu 1952. Mwaka 2022 kila mhakiki alitaja filamu 10, zote kwa uzito mmoja. Katika 100 za juu Tarkovsky aliingiza tatu: Kioo, Stalker na Andrei Rublev. Bergman aliingiza moja, Persona. Hatusemi ni hesabu peke yake, maana ladha nayo inahama: Jeanne Dielman ya Chantal Akerman wa Ubelgiji ilitoka nafasi ya thelathini na kitu mwaka 2012 ikaja kuwa ya kwanza 2022. Lakini mwenye filamu saba, kura zake zina mahali pachache pa kutawanyikia.

Mtoano ndio mbaya zaidi. Chukua wapiga kura watatu. Wa kwanza anawapanga Bergman, Tarkovsky, Akerman. Wa pili: Tarkovsky, Akerman, Bergman. Wa tatu: Akerman, Bergman, Tarkovsky. Wapambanishe: Bergman anamshinda Tarkovsky 2 kwa 1, Tarkovsky anamshinda Akerman 2 kwa 1, na Akerman anamshinda Bergman 2 kwa 1. Hakuna aliyekosea, na hakuna bingwa. Ukianza na Bergman dhidi ya Tarkovsky, Akerman aliyekuwa amekaa pembeni anamaliza kazi. Badili ratiba, bingwa naye anabadilika. Mfaransa Condorcet alilieleza fumbo hili mwaka 1785, na hadi leo mpanga ratiba ndiye mwenye kura ya mwisho. Huo ni mchezo wa pata potea, wala hauhitaji mtu mwenye nia mbaya.

Fanyeni hivi. Chapisheni majina sita kwenye kuponi ya kupigia kura. Msomaji awapange kwa ngazi wale tu ambao ameona angalau filamu mbili zao, na wengine awaache wazi. Majina sita yanatoa jozi 15, kwa hiyo daftari la kuhesabia liwe na mistari 15, kila mstari jozi moja. Katika kila mstari hesabuni kuponi zile tu zilizowapanga wote wawili: wangapi wamemtanguliza huyu, wangapi yule. Mwenye kushinda jozi nyingi ndiye wa kwanza. Wawili wakilingana, tazameni mstari wao wenyewe. Likitokea duara la watatu kama hilo la juu, andikeni sare, msirushe shilingi. Jozi yenye kuponi chini ya 10 iandikwe kwamba hazikutosha, asipewe mtu ushindi. Kuponi 200 watu wawili wanazimaliza kwa siku moja, mmoja akisoma na mwingine akipiga vijiti.

Kuacha wazi si kumpa mtu sifuri, na hapo ndipo huharibika kura nyingi za alama, zile ambazo msomaji anaipa kila filamu alama, tuseme kati ya 10. Sátántangó ya Béla Tarr wa Hungaria, ya mwaka 1994, ina saa saba na dakika kama 20, ndefu kuliko safari ya basi kutoka hapa hadi Dar es Salaam njia ikiwa nyeupe. Watakaokuwa wameiona ni wachache. Kila kuponi isiyomtaja Tarr ikihesabiwa sifuri, mnakuwa mmepima uvumilivu wa wasomaji wenu badala ya kazi yake.

Wastani wa alama nao una ugonjwa wa upande wa pili, kwani anayefika mwisho wa filamu ya saa saba tayari ni mpenzi wake. Filamu A imepigiwa kura na watu watatu, wote wakatoa 9. Filamu B imepata watu 18 kwa wastani wa 8.2. A inaongoza kwa kura za watu watatu! Dawa ni kuiongezea kila filamu kura tano za kubuni zenye alama ya wastani wa filamu zote, tuseme 7. A inakuwa 27 jumlisha 35, gawanya kwa 8: 7.75. B inakuwa 147.6 jumlisha 35, gawanya kwa 23: 7.94. Kadiri filamu inavyopata kura za kweli, hizo tano zinapoteza nguvu.

Amueni mapema pia mnachoita filamu moja. Fanny na Alexander ya mwaka 1982 ilitoka ya ukumbini yenye dakika 188 na ya runinga yenye dakika 312. Dekalog ya Kieślowski wa Poland ni vipande 10 vya takriban saa moja moja: ni kura moja au kumi? Mipaka ya nchi msihangaike nayo sana. Filamu ya mwisho ya Tarkovsky ilipigwa Sweden, na aliyeshika kamera ni Sven Nykvist, mpiga picha wa Bergman. Ubishi wenyewe ni wa ndugu.

Kuna jambo ambalo hesabu haitalitibu: wasomaji wenu hawakuona filamu ile ile. Persona ya mwaka 1966 ina picha iliyokaribia mraba, upana mara 1.37 ya kimo. Runinga za siku hizi ni pana, na nyingi zimewekwa zijaze kioo chote. Ukiivuta hivyo, kila uso unanenepa kwa karibu asilimia 30, katika filamu ambayo mzigo wake mkubwa umebebwa na nyuso mbili za wanawake. Ukiikuza badala ya kuivuta, unakata vichwa juu na maandishi ya tafsiri chini. Ingieni kwenye mpangilio wa ukubwa wa picha, mchague 4:3, mkubali mistari myeusi pembeni. Zimeni na ile kazi ya kulainisha mwendo, kwani inaifanya sinema ifanane na tamthilia ya mchana. Stalker nayo inaanza kwa rangi ya kahawia kabla ya kuingia eneo lenye rangi kamili. Ikioneshwa kwa projekta mchana, chini ya bati lenye matundu, kahawia yote inakuwa tope. Ianzeni baada ya Isha.

Maandishi ya tafsiri yana balaa lake. Filamu hukimbia fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, lakini nakala nyingi za runinga za Ulaya zimeharakishwa hadi 25, ndiyo maana Stalker ya dakika 161 inaisha katika dakika 155 hivi. Faili la maandishi lililotengenezwa kwa nakala ya 25 ukilitia kwenye filamu ya 24, maneno yanatangulia kwa sekunde 2.4 kila dakika. Mwanzoni hutambui. Kufika dakika ya 30 yametangulia kwa sekunde 72, na mtu anajibu swali ambalo hajaulizwa. Wengi huyasogeza kwa kitufe, yakakaa sawa kwa dakika mbili, yakaanza tena. Kusogeza hakusaidii, lazima kila muda katika faili uzidishwe kwa 25 na kugawanywa kwa 24, na programu za kurekebisha maandishi hufanya hivyo kwa amri moja.

Tunafika kwenye vibanda umiza na watafsiri wao wa mdomo. Tunawaheshimu, maana filamu ya mapigano bila wao kwa wengine ni ngoma bila mwimbaji. Lakini mtazame Jeanne Dielman, dakika 201, siku tatu za mjane wa Brussels. Kamera imetulia jikoni. Anamenya viazi. Kisu, ganda, kiazi kwenye maji. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, anazunguka na sufuria mkononi hajui aiweke wapi, na hapo ndipo maisha yake yanapoanza kufumuka. Hakuna neno. Mtafsiri hawezi kunyamaza, kwa sababu kalipwa aseme. Atasema, "Mama weee, leo mboga imekushinda!" Ukumbi utacheka, na sauti ya kiatu sakafuni na ya swichi ya taa, ambazo ndizo maneno ya filamu hii, zitapotea. Anayetoka hapo akaipigia kura amempigia mtafsiri.

Kwa filamu kama hizi ni afadhali maandishi ya Kiswahili: mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kila mmoja. Lugha yetu inamudu. Neno "hajanifungulia" peke yake lina mtendaji, wakati, ukanushi na mtendewa. Maandishi hujaa pale mfasiri anapofuata neno kwa neno badala ya kuuliza mtu wa hapa angesemaje. Na pale pasiposemwa kitu, asiandike kitu.

Basi tunaomba kuponi yenu iongezewe maswali mawili: uliiona wapi, na ilikuwa na sauti ya mtafsiri au haikuwa nayo? Kisha hesabuni mafungu hayo mbalimbali na mchapishe yote mawili. Nafasi ipo. Lile tangazo la rangi za nyumba lililo chini ya kuponi linaweza kuhamia ukurasa wa michezo.

Wapenzi wa filamu,
Ngamiani, Tanga