Fungu halizungumzi, linahama

Mhariri,

Makala yenu ya matuta ya mchanga chini ya bahari nimeisoma mara mbili, ila kichwa chake, eti matuta "yanazungumza", kimenikwaza. Mlango wa mto Pangani nimeuvuka kwa mashua miaka ishirini na minne, na fungu, yaani tuta la mchanga chini ya maji, halijawahi kunisemesha. Linahama kimya kimya.

Jaribio mlilolielezea, la Chuo Kikuu cha Cambridge, lililochapishwa 2020, ni tamu kuliko kichwa hicho. Karol Bacik, Nathalie Vriend na wenzao waliyazungusha maji ndani ya mfereji wa duara wenye matuta mawili yaliyolingana, yakiwa karibu karibu. Mtu angedhani yatakwenda sawa. Wapi! La mbele lilitangulia mbio, kisha likapunguza, mpaka kila moja likawa upande wake wa duara. Maji yakishavuka tuta la nyuma huvurugika, na vurugu hiyo ndiyo inayolisukuma la mbele. Aliyepita nyuma ya mwamba mkondo ukiwa mkali anaijua.

Baharini maji hujaa na kupwa, kwa hiyo ungetegemea mchanga uende na urudi palepale. Mwaka 1996 Suzanne Hulscher, Mholanzi, alionyesha kwa hesabu kwamba sivyo: penye kivimbe kidogo, kila upande hubakia mzunguko mdogo wa maji karibu na chini, unaopandisha mchanga kileleni. Kivimbe kinakua. Bahari ya Kaskazini ina matuta ya namna hiyo yanayofikia mita 10 kwenda juu, na mengine husogea mita kadhaa kwa mwaka. Ndiyo maana jeshi la majini la Uholanzi, ambalo ndilo linalochora ramani za bahari yao, hurudia kupima, na panapohamahama hupima mara nyingi zaidi.

Sisi je? Bildi yangu, ile risasi ya kamba ya kupimia kina, naipaka shahamu kitakoni ili inase kilichoko chini. Ikipanda na tope jeusi najua niko kwenye njia ya mto. Ikipanda na mchanga mweupe nageuza. Kusi iliyopita, majira ya upepo wa kusini, ilinipa pima mbili, kama mita tatu na nusu. Bamvua iliyofuata, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, palepale, tulipanda fungu maji yakitoka. Nikashuka, yakaniishia magotini. Tulikaa chombo kimelala ubavu mpaka maji yalipojaa tena, na magunia matatu ya unga yakalowa.

Najua Pangani si Bahari ya Kaskazini. Hapa kuna mto unaoshusha maji ya masika na kuna mawimbi ya kusi, kwa hiyo hesabu za Waholanzi hazitutoshi zilivyo. Lakini kupima kunawezekana. Wenye dhamana wapime kina cha mlango kila masika yakiisha, na karatasi ibandikwe pale samaki wanaponadiwa, si ikae ofisini. Mashua nitatoa mimi. Mafuta ya injini tutachangiana.

Nahodha wa mashua,
Pangani