Kuhusu mfumo endeshi usiobadilika

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata, na swali lako, kama uhamie mfumo endeshi usiobadilika, yaani ule ambao mafaili yake ya msingi yamefungwa, limenikaa kichwani siku tatu nzima. Mimi natumia Fedora Silverblue, mfumo wa Linux wa aina hiyo, mwaka wa pili sasa, kwa hiyo nakueleza niliyoyaona mwenyewe.

Kilichonihamisha ni hofu. Unakumbuka umeme ulivyokatika katikati ya sasisho, kompyuta ikakataa kuwaka, nami nina kazi ya kukabidhi kesho yake? Mifumo mingi hubadilisha mafaili yake palepale unapoyatumia, moja baada ya jingine. Sasisho likikatika, unabaki na nusu kuukuu na nusu mpya. Silverblue hutayarisha toleo zima kando, na folda ya /usr, zinamokaa programu za mfumo, imefungwa haiandikwi. Ukiwasha upya ndipo unaingia kwenye toleo jipya, na lile la zamani linabaki kwenye orodha ya kuwashia. Mwezi uliopita kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, iliniondolea sauti ya kompyuta. Niliwasha upya, nikachagua toleo la awali, nikaendelea na kazi. Tangu hapo sasisho halinitishi tena.

Wala si jambo la wapenda majaribio peke yao: macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, imetenga sehemu ya mfumo isiyoandikika tangu 2019, na SteamOS iliyomo kwenye Steam Deck, kifaa cha kuchezea michezo, hufunga yake vilevile.

Ila wiki za kwanza zilinichosha mno. Amri nilizozizoea miaka yote zilikataliwa. Programu za kawaida unazichukua kwa Flatpak, njia ya kusakinisha programu zikiwa zimetengwa na mfumo, na zana za kuandikia programu unaziweka ndani ya kontena, yaani chumba chake cha pembeni, kwa zana iitwayo Toolbox. Kihariri changu cha msimbo, nilichokiweka kwa Flatpak, hakikuziona zana zilizokuwa nje yake, nikapoteza jioni mbili kabla ya kuelewa kwamba kimezungushiwa uzio. Unaweza kuongeza vifurushi vya programu juu ya mfumo wenyewe kwa rpm-ostree, zana inayosimamia masasisho ya Silverblue, lakini kila sasisho hulazimika kuvipachika upya, na kwa kawaida uwashe kompyuta tena ndipo vifanye kazi. Nilirundika vingi, masasisho yakawa mazito. Leo vimebaki vinne tu.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni skana yako. Kama draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, huja na kisakinishi kinachotaka kuandika ndani ya /usr, kitagoma, na kazi yako yote inapita kwenye skana hiyo. Kwa hali hiyo nisingekushauri uhame sasa, hata kama mimi mwenyewe sirudi nilikotoka.

Usije pia ukadhani kurudi toleo la nyuma kutakurudishia hati uliyoifuta. Folda yako ya nyumbani haiguswi na mabadiliko hayo hata kidogo, kwa hiyo chelezo za kila wiki ziendelee kama kawaida.

Kabla hujafuta chochote, washa Fedora Workstation, ndugu yake Silverblue asiyefungwa, kutoka kwenye flashi, chomeka skana, jaribu kupitisha ukurasa mmoja bila kusakinisha draiva yoyote. Niandikie ulichokiona, pamoja na jina kamili la modeli. Ukurasa ukitoka vizuri, nitakuja Jumamosi tuhamishe pamoja.

Wako akupendaye,
Zuhura