Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Old Moshi

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama,

Nguvu zetu nyingi mwaka huu zimekwenda kwenye jambo moja: mafuvu ya wazee wetu yaliyoko Ujerumani.

Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa hapa kwetu, pamoja na viongozi wengine. Kichwa chake tunakitafuta hadi leo. Septemba 2023, taasisi ya makumbusho ya Berlin inayohifadhi mafuvu hayo ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha baadhi ya mafuvu na jamaa walio hai Tanzania. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa "Akida", na huyo alikuwa mshauri wa Meli. Mafuvu ya Afrika Mashariki yaliyochunguzwa huko yanapita 1,100, mengi yakiwa ya Rwanda. Yalibebwa ili yapimwe, na watu wapangwe kwa madaraja ya rangi.

Tulipotembelea sekondari moja, binti wa kidato cha pili aliuliza: "Na sisi tungeenda kufukua kaburi la chifu wao tukamweka kabatini, wangetuitaje?" Ukumbi ukanyamaza. Nami nilikosa jibu, maana upendeleo wa rangi ndio huo: kaburi la mmoja linaheshimiwa, la mwingine linahesabiwa kuwa ghala la utafiti.

Upendeleo huo haujaisha. Kitukuu wa mmoja wa walionyongwa aliomba viza akaone mabaki kwa macho yake. Akatakiwa kuleta taarifa za benki na kuthibitisha kwamba atarudi nyumbani. Waliombeba babu yake hawakuulizwa lolote. Viza alinyimwa, tutaomba tena.

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea, na wengi wetu tuliguswa. Lakini Mchagga akija kuomba msamaha hushika sale mkononi, lile jani letu la amani na msamaha. Kwa maoni yangu, sale letu ni mabaki yenyewe kurudi, kwa gharama ya waliochukua, wala si kwa michango ya wajane wa hapa.

Kazi ya kurekodi simulizi za wazee inaendelea, ingawa tumechelewa: wawili tuliopanga kuwarekodi wametutoka kabla hatujafika kwao. Mapato na matumizi atasoma mweka hazina.

Kila ukoo unaojua jina la babu aliyechukuliwa umwandikishe kwa katibu kabla ya Machi 2, pamoja na majina ya watoto wake na kihamba, yaani shamba la ukoo, alikoishi.