Barua ya wazi kwa mashabiki wa Mbeya City: mwalimu msimpimie siku ya Yanga

Mbeya, Agosti 2025

Wanangu wa jezi ya zambarau,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Wiki iliyopita nilikwenda kunyoa Mwanjelwa nikawakuta mmepanga visoda kwenye benchi, kumi na moja upande huu na kumi na moja upande ule, mnabishana hadi mishipa ya shingo imewatoka. Mmoja anasema Mwalimu Malale Hamsini akithubutu kufunguka, yaani kushambulia na wengi, Ligi Kuu kama tulivyofunguka Championship, ligi ya chini yake tuliyotoka, tutapigwa kama ngoma. Wa pili anaapa kwamba akipaki basi, yaani akiwarudisha wote nyuma wakabe tu, atakuwa ameisaliti timu, maana Mbeya City haijawahi kupaki basi tangu izaliwe. Wa tatu ndiye aliyenishtua: mwalimu ametupandisha, tumemshukuru, sasa apishe, aletwe mtu wa ligi kubwa. Wa nne alikuwa anatafuna mahindi ya kuchoma tu, na kusema kweli nilimpenda huyo.

Kinyozi naye akazima mashine akaingia kwenye ubishi, mimi nimekaa pale nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Mzee wa nusu kichwa hana heshima ya kusema kitu, ndiyo maana naandika.

Nianze na huyu aliyesema hatujawahi kupaki basi. Mwanangu, mwaka 2013 ulikuwa na miaka mingapi? Mnausimulia msimu ule kama hadithi ya bibi, kila mkiusimulia unanenepa. Ni kweli, timu ya Halmashauri ya Jiji iliyoundwa 2011 ilipanda, ikaingia ligi ya timu 14 chini ya Juma Mwambusi, ikamaliza ya tatu na pointi 49, nyuma ya Azam na Yanga. Simba walikuwa chini yetu kwa pointi 11. Nilikuwepo uwanjani kwetu Sokoine, na sauti niliyoiacha pale hadi leo haijarudi yote.

Lakini zifungueni hizo pointi 49 ndani mna nini. Mechi 26: kushinda 13, kufungwa 3, sare 10. Sare kumi! Timu inayofunguka kila siku kama mnavyosimulia haitoki sare mara kumi na haifungwi mara tatu tu. Ile ilikuwa timu iliyojua siku ya kwenda mbele na siku ya kukaa, na ilipokaa, ilikaa kweli. Mnachokikumbuka ninyi ni ngoma, vuvuzela na basi za mashabiki zilizoifuata timu hadi Dar es Salaam. Hicho mimi pia nakikumbuka, kilikuwa kitamu. Ila ngoma haikuwa inakaba mtu.

Tena hatukupanda peke yetu mwaka ule. Tulipanda watatu, sisi, Ashanti United na Rhino Rangers ya Tabora. Wenzetu wote wawili walishuka msimu uleule.

Wazee wenzangu wa Rungwe watanikumbusha Tukuyu Stars, wale Banyambala, waliopanda na kuuchukua ubingwa wa nchi mwaka 1986 wakiwa wageni kwenye ligi. Naam, lilitokea, na mlima Rungwe ni shahidi. Mtoto akizaliwa na meno hatuwaambii watoto wengine wote waje na meno.

Sasa hesabu, na hii naomba muisome polepole. Ligi ya msimu huu wa 2025/26 ina timu 16, kwa hiyo kila timu inacheza mechi 30. Ziondoeni za Yanga na Simba, ni nne. Ongezeni Azam na Singida Black Stars, zinafika nane. Zinabaki 22, na hizo ni dhidi ya watu wa kimo chetu: Prisons jirani zetu, Dodoma Jiji, Mashujaa, Namungo, Coastal Union, Pamba Jiji, KMC, JKT, Fountain Gate, wale wa Tabora, na Mtibwa Sugar tuliopanda nao. Timu kumi na moja. Kila mmoja anatufuata Sokoine mara moja, na Prisons hata haji, maana uwanja ni wao pia. Kumi na moja mara pointi tatu ni 33. Angalieni misimu mitatu iliyopita: hakuna aliyefika 33 akashuka moja kwa moja.

Sisemi tutashinda zote kumi na moja. Nasema ligi ya timu iliyopanda inachezwa humo. Mwaka 2023 tulishushwa na nani? Si Simba, si Yanga. Tulikosa pointi kwa hawahawa wa kimo chetu mpaka tukajikuta kwenye mchujo, zile mechi za kuamua nani abaki na nani ashuke, na mchujoni tukatolewa na Mashujaa wa Kigoma, timu iliyokuwa inatoka chini.

Lakini mnamhukumu mwalimu lini? Siku ya Yanga. Siku ya Simba. Siku ambayo uwanja umejaa, mkwe wako amekuja na jirani wa Kariakoo amekutumia ujumbe wa kejeli tangu asubuhi. Akifungwa mbili siku hiyo, mfumo mbovu, aondoke. Jumatano inayofuata tunacheza na Namungo, mvua inanyesha, jukwaani tuko wachache na mbwa mmoja, tunatoka sare ya bila kufungana kwa uvivu mtupu, wala hakuna anayemuuliza mwalimu swali. Swali lilikuwa la siku hiyo, wanangu.

Hapa mkoani kwetu tuna mfano mzuri. Tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 kule Mbarali, ikakata mnyororo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Hata mimi nisiye wa Mbarali nilipiga kigelegele, jambo ambalo mke wangu hajalisahau. Kila mtu anaijua siku ile. Nani kati yenu anaweza kunitajia mechi tatu nyingine za Ihefu msimu ule, zile za wanyonge zilizowabakiza kwenye ligi? Na hao ni watu waliowahi kupanda mwaka 2020 na kushuka mwaka uliofuata, walikuwa wameshaonja. Majirani zao wa Chunya, KenGold, juzi tu wamepanda na kushuka ndani ya msimu mmoja.

Turudi kwenye visoda. Kufunguka au kujifungia si imani ya dini kwamba ukihama umekufuru. Championship tulikuwa na mpira sisi, wengine wanakaa nyuma wanasubiri tukosee. Ukipanda, mambo yanageuka: kuna mechi nyingi utakazocheza nusu saa nzima bila kuuona mpira. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwalimu si atashambulia na wangapi. Ni mpira ukipotea, kati ya mabeki na viungo kuna hatua ngapi? Beki wa pembeni akipanda mbele kushambulia, nani anakaa kwake? Kona zinakabwa vipi? Nimeona timu nzuri za pasi zikizikwa na kona mbili na faulo moja ya pembeni. Mimi ningekuwa mwandishi wa habari ningemuuliza mwalimu habari za mipira iliyokufa tu, hizo kona na faulo, msimu mzima.

Na mwalimu anaruhusiwa kuwa na sura mbili, ya Sokoine na ya ugenini. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Anayetoka Tanga au Lindi, dakika ya sabini anaanza kuutafuta upepo kwa mdomo. Hapo ndipo pa kumwingiza winga mwenye mbio, na hapo ndipo pa kufunguka. Mkiona kipindi cha kwanza tumetulia tuli, msianze kupiga miluzi, huenda mwalimu anampikia mgeni. Ugenini, baada ya safari ya basi ya siku nzima na zaidi, sare ya jasho ni chakula. Msiirudishe jikoni.

Nilitaka pia kusema kitu kuhusu mvua, kwamba kuanzia Novemba uwanja unakuwa mzito na ile ya kuanzia mpira kwa kipa mpaka mbele kwa pasi fupi inakuwa mtihani, lakini hilo mwalimu analiona kwa macho yake.

Lisiloonekana kwa macho yake ni sisi. Hapa nakiri kosa langu. Zamani sana, timu moja ya wilaya niliyokuwa naishabikia ilipanda. Ilikuwa na beki wa kushoto, kijana mpole, aliyeambiwa na mwalimu wake abaki nyuma. Mimi nilikuwa na sauti siku hizo. Nilikaa upande wake, nikamwandama: panda! panda, mwoga wewe! Wenzangu wakadakia, jukwaa zima likawa linamwimbia. Alivumilia kipindi cha kwanza chote. Cha pili akapanda. Mpira ukakatwa, ukapigwa nyuma yake, likaingia goli, na tulifungwa kwa goli hilo moja. Jumatatu yake tukawa tunadai mwalimu afukuzwe kwa kuwa mabeki wake hawana nidhamu, na mwisho wa mwezi akaondoka kweli. Yule kijana nilikutana naye baada ya miaka mingi, anauza viazi, akaniamkia vizuri sana. Sikumwambia.

Kwa hiyo mkiniuliza nani anapanga mfumo Sokoine, nitasema mwalimu anapanga nusu. Kipa akimpasia beki wake mkapiga kelele "butuaaa!", safari ya pili atabutua, hata kama wiki nzima amefundishwa kutobutua. Mpira unarudi, tunashambuliwa, tunafungwa, halafu visoda vinapangwa upya Mwanjelwa. Najua mtasema kauli yetu ni "koma kumwanya". Ndiyo, piga juu. Lakini nani aliwaambia kwamba ni maelekezo kwa kipa?

Kuhusu kumwondoa aliyetupandisha, sitasema mengi. Mimi nilikuwa fundi wa breki reli ya TAZARA, na treni ikimaliza kupanda mlima kutoka Mlimba mpaka Makambako hakuna aliyesema kichwa kifunguliwe kiachwe pale kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupandisha. Mwambusi hakubadilishwa alipopanda, na wachezaji wake wengi hawakubadilishwa pia, ndiyo maana walikuwa wanajuana hata gizani. Mwalimu wa sasa anaweza kushindwa, sikatai, naye si malaika. Basi tumpe kipimo cha haki. Baada ya mechi kumi zisizo za wale wakubwa wanne, tuhesabu. Je, nyumbani tunawafunga wa kimo chetu? Tukitangulia, tunajua kulinda? Tunafungwa goli la aina ileile kila wiki? Kama majibu ni mabaya, mimi mwenyewe nitakuja kijiweni na visoda vyangu, na nitasema kwa sauti hii iliyobaki.

Na huyu kijana wa tatu aliyetaka aletwe mtu wa ligi kubwa, nakuomba jambo moja, mwanangu. Siku ya mechi ya kwanza nyumbani njoo ukae karibu nami. Kwa dakika kumi tu, usiutazame mpira. Mtazame beki wetu wa kati wakati mpira uko mbali, kule upande wa pili. Ona anasimama wapi, anamwita nani, anamnyooshea nani mkono. Halafu uniambie kama mwalimu amefanya kazi au hakufanya. Utanitajia wewe, mimi macho ya mbali yameanza kunikimbia.

Nitakuwa upande wa jua kwa ajili ya magoti. Chai nitakuja nayo, ya maziwa, ya kutosha watu watatu au wanne mkibanana. Ngoma leteni zote mbili. Ila ile kubwa ngozi yake imelegea tangu mechi ya kupanda, mtu aipeleke ikawambwe kabla ligi haijaanza, na asinitafute mimi kwa nauli.

Baba yenu,
Mzee wa TAZARA, Iyunga