Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Paa la Kanisa, Ngoma za Gwaride na Ada Zetu

Ndugu wanachama wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote namshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo, na nawashukuru ninyi mliofika. Ambao hawakufika nitawafikia huko mbele.

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia harakaharaka. Kamati ilikutana mara 5. Tulishiriki misiba 4 ya wenzetu na rambirambi zote zilifika, isipokuwa moja iliyochelewa kwa sababu nilizokwisha kuzieleza kwenye kundi. Januari tulipeleka vitabu vya sayansi. Wakati wa Pasaka kwaya za UKWATA, wanafunzi wa Kiprotestanti, na TYCS, wanafunzi Wakatoliki, ziliimba pamoja, baada ya kugombea saa ya kuingia kanisani kwa muda mrefu. Ratiba waliyokubaliana niliiandika mimi kwa mkono wangu, nimekaa kwenye ngazi za kanisa, na mpaka leo imebandikwa mlangoni. Mafunzo ya ukakamavu yanaendelea kila Jumamosi alfajiri chini ya mwenzetu mstaafu wa jeshi, ambaye hatumlipi zaidi ya nauli. Vijana waliomaliza kidato cha sita wakaenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria wanasema kwata ya shuleni imewafaa. Mmoja alinieleza kwamba wiki ya kwanza, wenzake wakihangaika kutofautisha kulia na kushoto, yeye alikuwa kama anapumzika. Mahafali yalifana. Hayo yatoshe.

Sasa paa.

Najua wengi mmekuja kwa ajili ya jambo hili, la fedha za gwaride kutengenezea paa la kanisa, na wapo ambao sijawaona mkutanoni miaka mitatu ila leo wamewahi viti vya mbele. Karibuni. Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, upepo wa usiku ulinyanyua mabati ya kanisa la shule upande wa sakristia. Padre mlezi alinipigia simu saa 12 asubuhi. Saa 4 nilikuwa nimeshafika, kwa gari langu na kwa mafuta yangu, jambo ambalo sijaliandikia madai na wala sitaliandikia.

Nilichokikuta ni hiki. Ndoo 7 za bwenini zimepangwa mstari mmoja kutoka mlangoni hadi altareni, kila moja ikipokea tone lake. Altare yenyewe imesogezwa kando, na chini vijana wamechora kwa chaki mahali pake pa zamani ili irudishwe bila kukosea. Kinanda kimefunikwa turubai la mahindi. Fundi alipanda, akachomeka bisibisi kwenye kenchi, ikazama mpaka kwenye mpini, na unga wa mchwa ukatumwagikia vichwani, mimi na Mkuu wa Shule. Hapo ndipo nilipoamua tuezeke kwa fedha za chama. Nasema nilipoamua, sisemi tulipoamua, kwa sababu naona lawama zote ni zangu, basi na uamuzi nao uwe wangu.

Benki tulikuwa na shilingi 14,650,000. Kati ya hizo, 9,400,000 zilikuwa za Mfuko wa Gwaride, mlizochanga kwa miaka miwili kwa ajili ya ngoma za bendi, tarumbeta na buti. Paa lilitumia 6,180,000: mabati 96 ya geji 28 pamoja na kofia zake za kileleni mwa paa 3,360,000, mbao za kenchi na papi zilizotiwa dawa 1,450,000, misumari na rangi 420,000, ufundi 800,000, usafiri 150,000. Nimesikia kwamba mabati yangepatikana kwa bei nafuu zaidi. Aliyesema hivyo hakutaja duka, nami bado namsubiri.

Katiba yetu inaruhusu Kamati, panapotokea dharura, kutumia hadi theluthi ya fedha za chama bila kuitisha mkutano mkuu. Theluthi ya fedha zetu ilikuwa 4,883,333. Kwa hiyo tulichukua 4,880,000 kutoka Mfuko wa Gwaride, na 1,300,000 zilizobaki nilizitanguliza kutoka mfukoni mwangu. Mkaguzi wetu wa ndani ameandika kwamba baadaye nilirudishiwa 600,000 kutoka mfuko huo huo, na kwamba ukijumlisha tunakuwa tumevuka theluthi. Namheshimu, lakini dharura ni jambo moja na deni la chama kwa mtu ni jambo jingine. Zilizobaki 700,000 sijazidai, ingawa nimezitaja hapa ili ziingie kwenye kumbukumbu.

Kuhusu akidi, yaani idadi inayohalalisha kikao: Kamati ina wajumbe 9, akidi ni 5. Siku ile tulikuwa 4 chini ya mwembe wa shule, na Mweka Hazina alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa, kila mtu anamsikia. Wanaosema simu si mahudhurio ndio hao hao ambao mkutano wa mwezi wa sita walituma "niko pamoja nanyi kiroho".

Wengine wameuliza kwa nini tusiwaachie wenye jengo. Wenye jengo ni nani? Shule yetu ilijengwa na misheni, na serikali ikaitwaa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, kama zilivyotwaliwa shule za Minaki na Pugu. Tangu hapo kanisa limekuwa mtoto wa mke aliyeachwa. Ukienda halmashauri unaambiwa hilo ni jengo la ibada, nenda parokiani. Ukienda parokiani unaambiwa liko ndani ya uzio wa shule ya serikali, nenda halmashauri. Barua nimeandika mwenyewe, pande zote mbili, na majibu ninayo. Wakati zinazungushwa, mchwa hawakuwa wanasubiri nakala.

Hoja nzito kuliko zote imetoka kwa wenzetu Waislamu, nami sitaikwepa. Wao walichangia ngoma, hawakuchangia kanisa. Wapo waliolisema hili kwa maneno ambayo sitayarudia. Lakini Alhaji wetu, aliyekuwa kiranja wa gwaride enzi zetu, aliniandikia barua ya ukurasa mmoja, ya heshima, isiyo na neno hata moja la dini. Alisema tu kwamba mchango huwa na jina, na jina la ule mchango lilikuwa gwaride. Nilikaa na barua ile siku tatu. Nikaanza kumjibu kwamba mwaka 2022 chama kilinunua tanki la lita 2,000 kwa ajili ya udhu pale chumba cha kuswalia, na hakuna Mkristo aliyeuliza. Nikaichana. Tanki lilikuwa na mchango wake wenyewe, na Alhaji alijua hivyo. Mwisho nilimpigia simu, tukaongea karibu saa nzima, zaidi kuhusu wajukuu.

Hata hivyo naomba mnielewe mimi nilikotoka. Niliingia kidato cha kwanza 1977. Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa 1971 ulikuwa umeshawaita wananchi kwenye mgambo, na pale shuleni ukakamavu haukuwa wa hiari. Idi Amin wa Uganda alipoivamia Kagera mwishoni mwa 1978, mchakamchaka wetu wa alfajiri ukaongezwa mpaka barabara kuu na kurudi. Jumapili tulipiga kwata na bunduki za mbao kutoka bwenini hadi kanisani. Mlangoni afande wa zamu anatoa amri, bunduki zinaegemezwa ukutani moja moja, kofia kwapani, tunaingia. Wenzetu Waislamu walikuja nasi kwa mwendo ule ule mpaka pale pale ngazini, kisha Alhaji huyu huyu anapaza sauti "nyuma geuka", nao wanaondoka bila hatua hata moja kupotea. Tukiwa ndani tulikuwa tunazisikia buti zao zikipungua. Kwa hiyo mtu akiniambia kanisa ni jambo moja na gwaride ni jambo jingine, kichwa kinakubali, ila miguu yangu inakataa. Hiyo si hoja ya kikatiba, najua.

Wenzetu wa Pugu wanatembea kifua mbele kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha pale. Sisi hatuna Mwalimu, tuna kanisa la mawe ambalo kila aliyepita shule ile anajua mwangwi wake.

Sasa niliseme la mahafali. Ile video mnayorushiana ya vijana wakipita mbele ya mgeni rasmi na ngoma moja yenye kiraka cha tyubu, na kijana nyuma akipiga "debe", naomba nisahihishe: halikuwa debe. Ni kopo la lita 20 la rangi iliyobaki kwenye paa. Kijana mwenyewe alilichagua, akalifunga mkanda wa begi shingoni, na ukisikiliza vizuri mapigo yake hayakukosea hata mara moja tangu "mbele tembea" hadi "tawanyika". Mgeni rasmi alicheka, kweli. Alicheka kwa kufurahi. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake, aliyerekodi alikuwa mbali.

Nije kwenye mahudhurio na ada. Daftari letu lina wanachama 232. Waliolipa ada ya mwaka ni 71, kwa 30,000 kila mmoja ni 2,130,000. Wasiolipa ni 161, nao tunawadai 4,830,000 za mwaka huu peke yake, achilia mbali za nyuma ambazo Mweka Hazina amechoka kuzinakili. Mkutano wa mwezi wa sita walikuja 19, wawili wakaondoka baada ya chai. Ila usiku wa suala la paa, kundi la WhatsApp lilipokea ujumbe zaidi ya 300 kabla sijalala. Nilipolinganisha majina ya waliochangia zaidi mjadala ule na daftari la ada, nilipata jibu ambalo Katibu amenishauri nisilisome hadharani. Nimemtii.

Hesabu lakini nitaisoma. Mfuko wa Gwaride sasa una 3,920,000. Bei tuliyopewa ya ngoma kubwa, ngoma ndogo 8, tarumbeta 6 na buti ni 7,800,000. Pungufu ni 3,880,000. Hao 161 wakilipa ada ya mwaka huu tu, ngoma zinanunuliwa na chenji ya 950,000 inabaki. Mnaponiuliza ngoma ziko wapi, ndugu zangu, mjipapase mifukoni kwanza.

Kuhusu mwaka ujao, Kamati inatarajia, Mungu akipenda, kununua ngoma kabla ya mahafali, au angalau ngoma kubwa. Tunafikiria pia kuweka mifereji ya maji kwenye paa, kumtafutia mwenzetu mstaafu kaposho kidogo, na kuzungumza na uongozi wa shule kuhusu bereti. Mazungumzo yako hatua nzuri. Suala la kubadilisha katiba ili simu ihesabiwe kuwa mahudhurio litaletwa wakati mwafaka.

Uchaguzi ni mwakani. Sijasema kwamba nitagombea wala kwamba sitagombea.

Risiti zote za paa, pamoja na ile ya misumari iliyolowa lakini inasomeka, ziko kwenye bahasha ya kaki mezani kwa Katibu. Anayetaka kuzikagua aje na stakabadhi yake ya ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti