Mama amezoeana na wapita njia, kamati ya mtaa haitaki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, karibu na Fort Jesus. Nimeolewa Nairobi na tunaishi Lavington, upande unaoteremka kuelekea Kawangware. Ukipita mtaani kwetu mchana utadhani watu wamehama: miti mirefu, ua wa kayaba wenye nyaya za umeme juu, na mageti meusi yasiyo na hata tundu la kuchungulia. Kelele tunazozijua ni za kwarara alfajiri na mashine za kukata nyasi. Mume wangu alikulia Eastlands, na kwake usingizi wa hapa ni dawa. Simbishii.

Mwaka jana tulimleta mama, baada ya mama mkubwa waliyekuwa wakiishi pamoja kufariki. Ana sukari na presha, na kaka zangu wako Uarabuni. Tulimpa chumba cha chini chenye dirisha la bustani, akawa anashinda hapo na sweta juu ya buibui, maana baridi ya Julai si mchezo kwa mtu wa pwani. Kwao mtu hapiti barazani asitoe salamu. Hapa hata jina la jirani tunayepakana naye ukuta hatulijui. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, mtu akifa huku mnaambiwa na nani?" Nilitafuta jibu nikalikosa, kwa sababu hatuambiwi.

Basi akaligundua lango. Baada ya swala ya alfajiri alitoka na chupa ya kahawa ya tangawizi, na askari wetu, kijana mwenye adabu sana, akampisha kiti chake cha plastiki. Shangazi, wenye magari hawajui, lakini tangu saa kumi na mbili unusu hadi saa mbili barabara hii ina watu tele. Akina dada wa kazi za nyumba, watu wa bustani, mafundi wa mjengo, wote wanakuja kwa miguu kutoka Kawangware. Mama akaanza kuwaamkia mmoja mmoja. Haikuchukua muda akawa anajua nani ana mtoto mgonjwa na nani hajalipwa mshahara.

Kisha yakaja mahamri. Anakanda unga usiku, nazi anaikuna mwenyewe kwa mbuzi aliyokuja nayo, na iliki inanukia mpaka chumbani kwetu juu. Hauzi, anagawa. Anayependa kutoa shilingi kumi anaitia kwenye kopo la majani ya chai, na Mungu ndiye ajuaye zinakokwenda. Mama mboga alipoona pana watu akasogeza kikapu chake. Bodaboda nao wakajua pa kungojea abiria.

Hapo ndipo pakaharibika. Kwenye kundi la WhatsApp la wakaazi ilitumwa picha ya lango letu, imepigwa kutoka ndani ya gari, na maneno kwamba "watu wasiojulikana" wanakusanyika. Wasiojulikana! Baadaye ikaja barua ya kamati: tukomeshe "biashara" hiyo, la sivyo wataripoti kaunti kwamba chakula kinauzwa bila leseni. Sisemi ni watu wabaya. Nyumba moja hapa iliwahi kuvunjwa usiku, na tangu hapo kila mtu ana wasiwasi. Lakini kanjo, yaani askari wa kaunti, wakija, atakayebebewa kikapu ni mama mboga, si sisi.

Mume wangu anataka mama ahamishiwe varanda ya nyuma, na askari akatazwe kumtolea kiti. Anasema kwa upole, ila ameshaamua. Mimi naona mabadiliko. Mama analala vizuri, anatembea, na daktari anasema sukari imetulia.

Mama mwenyewe bado hajui lolote. Ninachohofia ni haya aliyonayo ya kuishi kwa mkwe. Akisikia tu kwamba amemtia mume wangu aibu kwa majirani, kesho yake ataniomba tikiti ya treni ya SGR arudi Mombasa. Na Kibokoni atarudi kwa nani? Nyumba ya chini ina wapangaji, na ngazi za juu zimesimama wima, magoti yake hayaziwezi.

Nimweleze mwenyewe, au nimwache mume wangu aseme na mkwewe? Wifi yangu anashauri nimpeleke mama kwenye kikao cha kamati na sinia la mahamri wamwone uso kwa uso, lakini naogopa akivunjiwa heshima mbele ya watu. Na yule mama mboga, ni haki mimi ndiye nimwambie aondoke? Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mume wangu anataka jibu langu kabla ya hapo.

Mwana wa Kibokoni,
Lavington, Nairobi