Usinunue aisi nyingine kwanza, LFO yako inaponyeka

Ndugu yangu,

Salamu kutoka Busia. Huku wote wazima, mvua imeshika, na watoto wanakuulizia kila siku. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza kwa spika na kwa hedifoni pia, na nakwambia kweli sinthi (sintesaiza) yako imetoka vizuri sana, besi imejaa, filta inafunguka vizuri, kinachosumbua ni LFO peke yake, ile sehemu inayotoa mawimbi ya polepole ya kutikisa filta: ukishusha spidi inasimama, na spika inatoa tik. Umeandika ati unataka ununue TL072 nyingine, ile aisi (chipu) yenye opampu mbili, yaani vikuza volti viwili. Ngoja kwanza. Hiyo aisi karibu nina hakika ni nzima, ukiibadilisha ugonjwa utabaki palepale na pesa imeenda.

Nianze na hii ya kusimama ukirudisha spidi chini kabisa. Sakiti yako si ni ile ya opampu mbili ndani ya aisi moja, ya kwanza inachaji kapasita polepole kwa hiyo volti inapanda au inashuka kwa mstari, ya pili inakaa ikingoja volti ifike kiwango chake halafu inageuka ghafla, ikigeuka tu ile ya kwanza nayo inaanza kurudi, ndo unapata pembetatu huku na mraba kule. Sasa kwenye picha naona umeweka kapasita ya elektrolitiki ya mikrofaradi 10. Hapo ndo pa kuangalia kwanza. Elektrolitiki zinavuja, na za kutoa kwenye redio kuukuu zinavuja zaidi, na wewe ukiweka spidi ya chini karenti inayoingia ni kidogo sana, inakuwa kama jerikeni lenye tundu unalolijaza kwa matone, maji yanafika mahali fulani basi hayapandi tena. Volti haifiki kiwango, opampu ya pili haigeuki, LFO imesimama. Tena pale volti inapita juu na chini ya katikati, na elektrolitiki ya kawaida haitaki kugeuziwa pozitivu na negativu.

Tafuta kapasita ya polyesta, mikrofaradi 1, zile bapa za kahawia au nyekundu, fundi wa TV hapo karibu nawe hakosi (mwambie akutolee yeye mwenyewe, TV za kioo kinene zinabaki na umeme hata zikichomolewa, usiingize mkono). Ukiwa na hiyo mikrofaradi 1 na rezista ya 100k (omu laki moja), na zile rezista mbili za opampu ya pili zinazoweka kiwango, moja iwe kama mara mbili ya nyingine, spidi ya juu inakuja kama Hz 5, yaani mizunguko 5 kwa sekunde, vibrato (sauti kutetemeka) tosha.

Halafu kuna poti ya spidi, ile rezista ya kuzungusha. Wewe umeifunga ile njia ya kugawa volti, mraba unaingia juu, mguu wa kati unaenda kwenye ile 100k, mguu wa chini umeenda moja kwa moja kwenye graundi ya katikati, ile ya volti 4.5, nusu ya betri. Sasa ukizungusha mpaka mwisho unaigawa mpaka sifuri, na sifuri haichaji kitu! Weka rezista ndogo kati ya mguu wa chini na graundi ya katikati, kama poti ni 10k weka ya omu 100, hapo spidi ya chini itakuwa kama moja ya mia ya ile ya juu, yaani mzunguko mmoja sekunde 20 hivi, polepole kuliko unavyohitaji hata kwa filta. Usiishushe zaidi ya hapo, sababu kila opampu iko na kosa la milivolti chache kwenye mlango wake, na poti ikitoa volti ndogo kuliko hilo kosa, wimbi litapanda vizuri lakini halitarudi.

Na kama siku nyingine ukijenga nyingine ikakataa kuanza kabisa, pembetatu imelala chini na mraba umeganda juu, angalia zile rezista mbili za opampu ya pili. Ile inayotoka kwenye mraba ndo iwe kubwa, sema 47k, na inayotoka kwenye pembetatu iwe ndogo, 22k. Zikibadilishana mahali, pembetatu inatakiwa ipande kuliko betri yenyewe ndo igeuze, haiwezekani.

Kuhusu ile app ya simu ya kuonyesha mawimbi, usiiamini kwa kazi hii. Mlango wa maiki ya simu unazuia mawimbi ya polepole, mraba wako mzima utauona kama miiba tu na utadhani sakiti imeharibika. Mita ya mshale ni bora mara mia, weka DC volti 10, shika pini 1 halafu pini 7, utaona kwenye pini moja mshale unatembea taratibu na kwenye nyingine unaruka. Mi naipenda sana hiyo mita, unaona wimbi kwa macho yako.

Sasa ile tik, tik, tik kwenye spika. Chomoa waya wa LFO unaoenda kwenye filta. Tik ikibaki, basi inapita kwenye umeme, na mwizi mara nyingi ni ile taa ya LED, kila ikiwaka inavuta karenti ghafla na laini nzima inatikisika. Itoe usikilize. Tik ikiondoka, irudishe na rezista kubwa, 4.7k au hata 10k, itawaka tu, na irudi kwenye negativu ya betri, kamwe isirudi kwenye graundi ya katikati. Weka pia kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini 4 na 8, na umeme wa LFO upitie rezista ya omu 100 halafu elektrolitiki ya mikrofaradi 100 kwenda negativu, hapo elektrolitiki iko kazini kwake. Lakini kama tik inaondoka ukichomoa ule waya, basi ni mraba wenyewe unaruka kwa ukali, ulainishe na rezista ya 10k na kapasita ya mikrofaradi 1.

Nimeacha hii mwisho sababu ndo inanikosesha usingizi. Wewe uko Kampala na unajifunza amadinda, ile marimba ya mbao ya Waganda, unajua anayepiga sehemu ya kwanza, okunaga, anaanza, na wa okwawula, sehemu ya pili, anaingia katikati ya mapigo yake sawasawa, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Hiyo kitu LFO inaweza! Chukua aisi ya 40106, ukiiongezea rezista moja na kapasita moja inatosha kutoa mapigo, lakini nusu mbili za kila pigo si lazima ziwe sawa, aisi za kampuni tofauti zinatofautiana, kwa hiyo pigo la pili litachechemea. Yapitishe kwenye 4013 kwanza, aisi ya kugawa mapigo kwa mbili: mapigo yanaingia pini 3, unganisha pini 2 na 5, pini 4 na 6 kwenye negativu, pini 7 negativu na 14 pozitivu. Spidi inakuwa nusu lakini sasa pini 1 na pini 2 zinapokezana sawa kabisa, sauti moja iite kwa pini 1, nyingine kwa pini 2. Milango yote ya kuingilia (si ya kutokea) ambayo hujaitumia kwenye hizo aisi mbili ifunge kwenye negativu, ukiiacha wazi inaokota umeme hewani na aisi inafanya mambo yake.

40106 na 4013 zote ninazo, nilinunua za ziada nilipovuka upande wa Kenya. Kuna jamaa anakuja Kampala na taksi Jumamosi, nitampa pamoja na polyesta mbili, we nitumie tu namba ya mtu wa kumpokea pale stendi. Na hiyo melodi unayofundishwa sasa, irekodi polepole unitumie, nataka nijue wa okukoonera, sehemu ya tatu, anaingia wapi kabla sijaanza kupiga solda.

Wasalimie wote nyumbani.

Nduguyo wa Busia